Nani Hulipa Riba? Ovadrafti za Mazao katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

Katika darasa moja la elimu ya siasa tulilofundisha Rulenge, wilayani Ngara, mzee mmoja mkulima wa kahawa alitusimamisha katikati ya somo. Tulikuwa tumeandika ubaoni viwango vya riba za mabenki tangu Azimio la Arusha hadi miaka ya karibuni. Mzee yule aliuliza: "Ndugu mkufunzi, mimi tangu nizaliwe sijawahi kuwa na kitabu cha benki. Riba ipande, riba ishuke, inanihusu nini?" Vijana darasani walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu swali hilo wengi wetu tuliosoma hatujalijibu sawasawa. Tulimpa jibu fupi siku ile, na ilionekana wazi kwamba halikumtosha. Makala haya ni jibu refu.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Akaunti ya hundi ni ile ambayo mwenye nayo huingiza na kutoa fedha kila siku ya kazi kwa kuandika hundi, tofauti na akaunti ya akiba. Ovadrafti ni ruhusa ambayo benki humpa mwenye akaunti hiyo kuchota fedha kupita zile alizoweka, mpaka kikomo walichopatana. Hapewi fungu zima kwa mara moja kama ilivyo katika mkopo wa kawaida. Huchota kadiri anavyohitaji, na kila fedha inayoingia katika akaunti hupunguza deni papo hapo. Riba hupigwa kwa siku, juu ya deni lililobaki siku hiyo.

Kwa hiyo gharama ya ovadrafti ina viungo viwili: kiwango cha riba na idadi ya siku. Wanasiasa na waandishi wa magazeti hukitazama kile cha kwanza na kukisahau cha pili. Kwa wilaya ya mpakani kama Ngara, ambayo kahawa yake husafiri zaidi ya kilomita 200 kabla ya kufika Bukoba penye viwanda vya kukoboa, kiungo cha pili ndicho kilichouma zaidi.

Mfano ufuatao tuliufanya ubaoni. Chama kimechota shilingi 1,000,000 kununulia kilo 10,000 za kahawa kwa bei ya shilingi 100 kila kilo. Riba ikiwa asilimia 10 kwa mwaka, na kahawa ikauzwa baada ya miezi 3, riba ni shilingi 25,000, yaani shilingi 2 na senti 50 katika kila kilo. Kahawa hiyo hiyo ikilala ghalani na njiani miezi 9, riba inakuwa shilingi 75,000, yaani shilingi 7 na senti 50 kwa kilo, ingawa benki haikupandisha chochote. Sasa riba ipande hadi asilimia 30 na kahawa ichelewe miezi 9: riba ni shilingi 225,000. Katika kila shilingi 100 anayopewa mkulima, chama sasa kinadaiwa na benki shilingi 22 na senti 50 za ziada. Zitatoka wapi? Bei ya kahawa hupangwa New York na London, na nauli hupangwa na mwenye gari. Aliyebaki katika mnyororo huo, asiyeweza kumpangia mtu bei, ni mkulima.

Mwafrika nje ya mlango wa benki

Wakoloni walikuwa na sheria juu ya jambo hili. Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza katika Tanganyika ilitunga sheria ya kubana mikopo kwa Waafrika. Kwa sheria hiyo, asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani isipokuwa mkataba umeandikwa na kukubaliwa na ofisa wa serikali. Watawala walidai kwamba wanamlinda mwenyeji asinyang'anywe mali yake. Matokeo yake ni kwamba benki na wafanya biashara wakubwa walimwona Mwafrika kama mtu asiyekopesheka. Mkulima hakuacha kukopa kwa sababu hiyo. Alikopa kwa mwenye duka, kwa masharti ambayo hayakuandikwa popote.

Njia iliyobaki wazi ilikuwa ushirika. Huko Bugufi, sehemu ya Ngara ambayo Waingereza waliitenga na Urundi na kuiingiza Tanganyika, chama cha ushirika wa kahawa kiliandikishwa katika miaka ya 1930, wakati vyama vya namna hiyo vilikuwa vichache sana nchini. Upande wa Bukoba, chama kikuu cha BNCU kiliandikishwa mwaka 1950. Chama kilichoandikishwa kilikuwa mtu mbele ya sheria; kiliweza kuwa na akaunti ya hundi na kuweka mazao dhamana. Ndipo kwa mara ya kwanza fedha ya benki ikafika kwenye mizani ya mkulima, lakini kwa jina la chama. Mkulima hakuwa mteja, ila alikuwa ndani ya akaunti bila jina lake kuandikwa.

Msimu ulivyokuwa

Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, Serikali ilitaifisha mabenki ya biashara, yakiwemo Barclays, Standard na National and Grindlays. Kutokana nayo ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Tangu hapo fedha za kununulia mazao zilitoka karibu zote kwenye mlango mmoja. Riba ilipangwa na Serikali, na hesabu za faida za wenye hisa wa London zikawa hazina nafasi ndani yake.

Tuutazame msimu mmoja ulivyokwenda, maana vijana wa leo hawakuuona. Chama kikuu kilipeleka makisio ya mavuno benki, na benki ikaweka kikomo cha ovadrafti. Fedha taslimu zilichukuliwa katika masanduku, na askari wenye bunduki ndani ya gari, mpaka kwenye vyama vya msingi. Karani alipima, akaandika karatasi ya mizani, akatoa malipo ya kwanza. Magunia yalikwenda ghalani, kisha kiwandani, kisha sokoni. Mauzo yalipofika benki, deni lilipungua, na kikibaki kitu baada ya kulipa riba, usafiri, magunia, ushuru na mishahara, mkulima alipata malipo ya pili. Malipo ya pili hayakuwa zawadi ya chama. Yalikuwa ni mabaki ya bei yake mwenyewe baada ya wengine wote kula, na benki ilikula kwanza.

Na kikomo kilipokwisha kabla ya mavuno kwisha? Hapo karani alisema, "Fedha hakuna, acha kahawa uchukue karatasi, rudi wiki ijayo." Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa msimu. Wakulima wana neno lao kwa jambo hili: wanasema wamekopwa. Neno hilo ni sahihi kuliko maneno mengi ya wataalamu wa uchumi. Chama kilichokuwa kikilipa riba kwa benki kwa kila siku kilikuwa kinamkopa mkulima bila riba yoyote. Kwa hiyo kila ovadrafti ilipokuwa ghali au ngumu kupatikana, chama kilikuwa na sababu ya kumtegemea mkopeshaji huyu mwingine asiyetoza kitu, asiyeshtaki, na asiyeweza kufunga akaunti. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa mzee wa Rulenge. Riba ilimhusu kwa kuwa yeye ndiye alikuwa benki ya pili.

Mwaka 1976 na siku zilizoongezeka

Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na vijiji vilivyoandikishwa kwa Sheria ya Vijiji ya 1975 vikachukua kazi ya vyama vya msingi. Ununuzi ukashikwa na mamlaka za mazao: Mamlaka ya Kahawa kwa Ngara, na Mamlaka ya Pamba, iliyoundwa mwaka 1973, kwa Biharamulo. Ikumbukwe kwamba Biharamulo ya wakati ule ilikuwa pamoja na Chato, yenye pamba nyingi kando ya ziwa, ambayo tangu 2012 imo katika Mkoa wa Geita.

Hatuandiki makala haya kuhukumu uamuzi ule wa 1976, ingawa maoni yetu ni kwamba uliharibu zaidi ya ulichotengeneza, na Serikali yenyewe ilirudisha ushirika kwa sheria ya 1982. Linalotuhusu hapa ni siku. Mapema mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa mpaka Novemba 1983. Njia ya kwenda Kisumu na Mombasa ikazibika. Mazao ya upande huu wa ziwa yakategemea meli ya kwenda Mwanza na gari moshi la Reli ya Kati, yakigombania mabehewa na kila kitu kingine cha kanda hiyo. Oktoba 1978 Idi Amin akavamia, na magari ya mkoa, ambao ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, yakaenda vitani, kama ilivyopasa. Mwaka 1979 mafuta yakapanda bei tena. Kila tukio liliongeza majuma ya kahawa na pamba kulala, na kila juma liliandikwa katika daftari la NBC.

Bei ya kahawa ilikuwa juu sana mwaka 1977, baada ya baridi kali kuunguza mashamba ya Brazili mwaka 1975, hivyo hesabu hazikuonekana vibaya mara moja. Bei zilipoanguka, ovadrafti za mamlaka zilianza kutolipika mwisho wa msimu. Deni la msimu uliopita liliingizwa katika msimu mpya, na riba ikapigwa juu ya riba. Benki haikukataa, kwa sababu mdhamini alikuwa Serikali.

Hapa yatupasa kuwa wakweli. Watu husema zamani riba ilikuwa ndogo na mkulima alinufaika. Katika miaka ya 1980 bei za vitu zilipanda kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka, na riba ilikuwa chini sana ya hapo. Maana yake mkopaji alirudisha fedha yenye thamani ndogo kuliko aliyochukua. Je, tofauti ile ilimfikia mkulima wa Muganza au Nyakahura? Haikumfikia. Ililiwa na magari mabovu, na watumishi wengi kupita kazi, na upotevu ghalani, na wizi ambao kila kada wa umri wetu alisimuliwa na wazazi wake. Aliyeilipa ni mwenye akiba ndogo, mwalimu au muuguzi aliyeweka shilingi zake benki na kuzikuta zimenyauka. Riba nafuu ni ruzuku, na ruzuku lazima iwe na anayeitoa.

Riba inapopandishwa

Agosti 1986 Serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mojawapo ya masharti ni kwamba riba ipande mpaka ipite kasi ya kupanda kwa bei. Wakati huo huo shilingi ilishushwa thamani. Mwanzoni mwa 1986 dola moja ilikuwa kama shilingi 17. Mwishoni mwa 1990 ilikuwa zaidi ya shilingi 190. Watu wengi hawaoni uhusiano wa mambo haya mawili na akaunti ya chama cha ushirika. Shilingi ikishuka, bei ya mkulima kwa shilingi hupanda, na hilo lilikusudiwa. Lakini chama kinahitaji shilingi nyingi zaidi kununua gunia lile lile, hivyo ovadrafti lazima iwe kubwa zaidi, na juu ya ovadrafti hiyo kubwa zaidi riba sasa ni ya kiwango cha juu zaidi. Mzigo ulizidishwa mara mbili.

Vyama vikuu vilivyorudishwa, kikiwemo KCU cha Kagera, viliingia katika hali hiyo vikiwa havina mtaji, na vikiwa vimerithi maghala na magari yaliyochakaa. Kisha Julai 1989 mpango wa migawo wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, na bei ya dunia ikaanguka karibu nusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 riba za mikopo zilipita asilimia 30, na mwaka 1995 wastani ulipita asilimia 40. Tukirudi kwenye mfano wetu wa ubaoni, hakuna chama cha Ngara ambacho kingeweza kununua kahawa kwa riba hiyo, kikaisafirisha kwa miezi mingi, na bado kibakiwe na malipo ya pili.

Tume ya Rais ya kuchunguza mabenki, iliyoongozwa na Charles Nyirabu, ilitoa taarifa yake mwaka 1990, na sheria mpya ya mabenki ikatungwa mwaka 1991. Mwaka huo huo kikaundwa chombo cha kukusanya madeni mabovu, LART. Madeni ya zamani yakahamishwa kutoka vitabu vya NBC, na mlango ukafungwa kwa chama kisicholipa. Benki ilikuwa na haki kwa upande wake. Lakini chama kilichofungiwa ovadrafti wakati wa msimu ni sawa na gari lililonyimwa petroli katikati ya pori la Biharamulo: kuwa dereva alikosea zamani hakumsaidii abiria.

Sheria za 1993 zikaruhusu wanunuzi binafsi, na msimu wa 1994/95 wakaingia. Tuliambiwa kwamba huo ni ushindani huru. Makampuni makubwa, mengi yakiwa na ndugu zao Ulaya, yalikopa dola nje kwa riba ndogo mno kulinganisha na iliyotozwa hapa. Ushirika ulikopa hapa, ukikopeshwa. Wawili hao walisimama kwenye mizani moja wakinunua kahawa moja. Ni sawa na mashindano ya mbio ambapo mmoja amebeba gunia.

Ngara haikupata hata nafasi ya kulitafakari jambo hilo. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa kama siku moja. Macho ya dunia yakawa Benaco, na soko la wilaya likageukia ndizi, kuni na kazi za mashirika ya misaada. Wazee wa Ngara wakikuhesabia miaka, watakuambia kabla ya wakimbizi na baada ya wakimbizi. Kuanguka kwa ushirika hawakupi tarehe.

Mlango mpya, hesabu ile ile

Mwaka 1997 NBC iligawanywa, na NMB ikarithi sehemu kubwa ya matawi ya wilayani. Riba zilishuka pole pole, na mwaka 2002 wastani ulikuwa kama asilimia 16. Wakati huo vyama vingi havikuwa tena na dhamana ya kuweka.

Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa ya Kagera inunuliwe kupitia vyama vya ushirika, na Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, ikavikopesha KCU na KDCU cha Karagwe. Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza hatua za kuyapa unafuu mabenki yatakayokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10, na mabenki makubwa yakashusha riba ya kilimo mpaka kiwango hicho na chini yake. Hiyo ni nafuu ya kweli, nasi hatuidharau. Lakini kada anayepeleka habari hiyo kijijini lazima aulize swali la pili: kahawa inalala siku ngapi? Minada ya kahawa imesogezwa Kagera, na mnunuzi ndiye anayekuja na fedha. Chama hakihitaji tena ovadrafti kubwa kama ya zamani. Anayengoja sasa ni mkulima mwenyewe, kuanzia siku ya mizani mpaka siku ya mnada na malipo. Riba haikufutika hapo. Imegeuka kuwa kungoja, na mtu mwenye ada ya shule ya kulipa mwezi Januari hana uwezo wa kungoja.

Siku hizi wapo pia wenye ovadrafti yao wenyewe katika simu. Fedha zikipungua wakati wa kutuma au kulipa, kampuni huongezea na kutoza ada. Huko Kenya huduma ya Fuliza ilianza Januari 2019; Oktoba 2022 ada zake za kila siku zilipunguzwa, na waliochukua si zaidi ya shilingi 1,000 za Kenya wakapewa siku 3 za kwanza bila ada hiyo. Mteja aliona punguzo siku ile ile katika simu yake. Mkulima wa Ngara hajapata kuona mabadiliko ya riba waziwazi namna hiyo, kwa kuwa kwake yamekuja siku zote yakiwa ndani ya bei.

Na palipokosekana ovadrafti, au malipo yalipochelewa, palikuwa na butura. Kagera nzima inaijua: mkulima anauza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa mtu mwenye fedha taslimu. Tuliifanyia hesabu darasani. Mtu akichukua shilingi 1,000 mwezi Februari, akatoa mwezi Juni kahawa ambayo sokoni ni shilingi 2,500, amelipa shilingi 1,500 kwa miezi 4. Kwa mwaka hiyo ni asilimia 450. Vijana waliokuwa wamecheka mwanzoni walinyamaza, na mmoja wao, ambaye baba yake hununua butura, aliomba hesabu irudiwe. Tuliirudia. Mzee yule alisema ameuza butura misimu mitatu mfululizo, kwa sababu karatasi zake za mizani zilikuwa hazijalipwa.